Asilimia 20 ya sifuri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu mwandishi wa safu yenu ya fedha. Miezi kadhaa iliyopita alitushauri sisi vijana tuliomaliza shule tukasogeza chuo mbele kwa mwaka mmoja. Alisema tugawe kipato mafungu matatu: asilimia 50 iende kwenye mahitaji, 30 kwenye mambo ya kujifurahisha, 20 iwe akiba. Makala hiyo niliisomea maktaba ya umma, ambako gazeti lenu husomwa bure, nikacheka hadi mhudumu akanitolea macho. Mwezi huo kipato changu kilikuwa sifuri. Asilimia 20 ya sifuri naijua hata mimi, ambaye hesabu nilifaulu kwa kubahatisha.

Simbezi mwandishi. Kanuni hiyo ilipata umaarufu mwaka 2005, ilipoelezwa na Elizabeth Warren, wakati huo profesa wa sheria nchini Marekani, akishirikiana na binti yake. Waliwaandikia watu wenye mshahara, watu wanaojua pesa itaingia lini na itakuwa kiasi gani. Kwa hao ni kanuni nzuri. Mwaka wangu wa kusubiri ulikuwa wa namna nyingine. Pesa ilikuja kwa kushtukiza, ikaondoka kwa kushtukiza, na katikati kulikuwa na wiki ambazo haikuonekana kabisa.

Mwaka wenyewe nusu nilijitakia, nusu nilisukumwa. Nafasi ya chuo nilipata, ada haikutimia. Nikakiomba chuo kinihifadhie nafasi hadi mwaka unaofuata, nao wakanijibu kwa barua ya mistari minne kwamba wamekubali. Nilijiona mjanja. Nikachora jedwali la miezi 12 kwa kalamu za rangi tatu: buluu miezi ya kazi, kijani miezi ya kujifunza lugha nyingine, nyekundu mwezi mmoja wa kutembea nione dunia. Dada yangu alilitazama lile jedwali akauliza swali moja tu, "Na nani kakwambia kazi inakusubiri?" Nilidhani ananionea wivu.

Kazi ya kwanza niliahidiwa kwa mdomo. "Utaanza wiki ijayo." Wiki ijayo ikawa mwisho wa mwezi, mara bosi yuko safarini, mara bajeti haijapitishwa. Wahenga walisema heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Mimi nilienda nikaja mara sita, na kila kwenda na kuja kulikuwa na nauli.

Hapo ndipo ninapotaka mwandishi wenu apatazame. Mtu asiye na kazi akitulia nyumbani kwao hatumii pesa nyingi. Kinachomkausha mfuko ni kuitafuta hiyo kazi. Nina daftari dogo la jalada la kijani ambamo niliandika kila kilichotoka mkononi mwangu. Katika miezi mitatu ya kwanza, zaidi ya nusu ya matumizi yangu yalikuwa ya kutafuta: nauli, nakala za vyeti, picha za pasipoti (kwa nini kila ofisi inataka picha nne, na huwa zinaenda wapi?), bando la kutumia maombi kwa intaneti. Viatu vyangu vyeusi vilibadilishwa soli mara mbili kwa ajili ya usaili. Kazini kwenyewe havijawahi kukanyaga.

Halafu siku moja nikaitwa usaili wa maana, wa kazi ambayo niliiweza. Walinipigia Jumatano jioni, usaili Alhamisi saa tatu asubuhi, na mimi nauli sina. Ya mwisho niliitumia siku mbili nyuma kupeleka barua mahali ambapo mlinzi aliipokea dirishani bila hata kuangalia jina langu. Kuomba nyumbani usiku ule niliona haya. Nikapiga mguu. Saa mbili na nusu za kutembea, nikafika nimechelewa dakika 20, blauzi imeganda mgongoni. Walinipokea kwa heshima na kuniuliza maswali yote, lakini nilijua. Hata wao walijua kwamba najua.

Baada ya siku ile niliacha kuhesabu pesa kwa asilimia nikaanza kuihesabu kwa safari. Pesa ikiingia, swali la kwanza lilikuwa: hii ni safari ngapi za kwenda na kurudi? Mbili za mwanzo zilikaa kwenye bahasha ndani ya kamusi, haziguswi kwa jambo lolote isipokuwa usaili. Si kwa bando, si kwa mchango wa sherehe, si kwa rafiki mwenye shida. Nilianza pia kupiga simu kabla ya kwenda popote, nikauliza kwanza kama nafasi bado ipo na kama barua inapokelewa kwa barua pepe. Ajabu ni kwamba karibu nusu ya safari zangu za mwanzo zingeokolewa na swali hilo moja. Zilizobaki nilizikusanya siku moja, Jumanne, ofisi zote kwa mguu kutoka kituo kimoja. Sijui kama haya yanaitwa elimu ya fedha. Yalinisaidia kuliko mafungu matatu.

Ukata una jambo jingine ambalo walioshiba hawalijui. Unakula akili. Wiki ambayo bahasha yenyewe ilikuwa tupu niliandika barua nzuri sana ya maombi, nikaisoma mara tatu, nikaituma kwa kampuni moja huku ndani imeandikwa jina la kampuni nyingine. Nilijitukana siku nzima. Baadaye, pale pale maktabani, nilisoma utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India. Watafiti waliwapima uwezo wa kufikiri kabla ya mavuno, pesa zikiwa zimekwisha, kisha wakawapima tena baada ya mavuno, pesa zikiwepo. Mkulima yule yule alifanya vizuri zaidi baada ya kuvuna. Watafiti walieleza kwamba kuwaza pesa muda wote kunachukua nafasi kichwani ambayo ingetumika kwa mambo mengine. Sikuacha kuona aibu kwa ile barua. Ila nilianza kumpa dada yangu asome kila barua kabla sijaituma, hasa mwisho wa mwezi.

Mnapochapisha takwimu za wasio na ajira, huwa nawaza kama nimo. Mwaka 1982 wataalamu wa takwimu za kazi, wakikutana chini ya Shirika la Kazi Duniani, walikubaliana kwamba asiye na ajira ni yule ambaye hana kazi, yuko tayari kufanya kazi, na anaitafuta. Aliyefanya kazi ya malipo walau saa moja katika kipindi kinachopimwa anahesabiwa kuwa ameajiriwa. Saa moja! Kwa kipimo hicho, wiki niliyomfundisha mtoto wa jirani hesabu za sehemu jioni mbili (ndiyo, mimi huyu huyu) nilikuwa mwajiriwa. Na ule mwezi wa saba, nilipochoka nikaacha kutuma maombi kabisa, nikalala hadi jua la adhuhuri, sikuwa hata miongoni mwa wasio na ajira, kwa sababu sikuwa nikitafuta. Najua wataalamu wana sababu zao, lazima mstari uchorwe mahali. Ila mwezi niliokuwa na hali mbaya kuliko yote ndio mwezi ambao hesabu yao isingeniona.

Mwezi huo wa saba nauzungumza kwa sababu watu wa nyumbani waliuita uvivu. Mama hakusema kitu. Mjomba ndiye alisema, kwa niaba ya ukoo mzima. "Mwanangu, muda wote huo ulio nao, si ungesoma hata vitabu?" Na ni kweli, muda ulikuwepo wa kumwaga. Lakini muda usio na kona haushikiki. Miaka ya mwanzo ya 1930 watafiti vijana wa Vienna, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, walikwenda kukitazama kijiji cha Marienthal, Austria, ambacho kiwanda chake cha nguo kilikuwa kimefungwa na familia nyingi zikakosa kazi kwa mpigo. Ungetarajia watu wenye muda wote ule wajae maktabani. Ikawa kinyume: kuazima vitabu kulipungua karibu nusu. Watafiti walijificha dirishani wakapima mwendo wa wapita njia, wakaona wanaume wanatembea polepole na kusimama simama njiani, kwa kuwa hakuna walikokuwa wakienda. Wengi hawakuvaa saa tena.

Nilipofika hapo katika kusoma, nilitazama mkono wangu. Saa yangu ilisimama mwezi wa tano, na sikuwahi kubadilisha betri.

Wanawake wa Marienthal walikuwa tofauti kidogo, kwa sababu kazi za nyumbani hazikufungwa pamoja na kiwanda. Siku yao ilibaki na umbo, na bado wengi walisema kazi ya kiwandani ikirudi watarudi, pamoja na uchovu wake wote. Hilo nalielewa kuliko mjomba. Kwetu mimi sikuwahi kukosa kazi hata siku moja. Anayemsubiri fundi ni mimi. Anayempeleka bibi hospitali ni mimi. Anayefua, anayekaa na mtoto wa binamu mwenye dharura, anayetumwa benki kupanga foleni ni mimi, "maana wewe upo tu." Mhariri, maneno hayo matatu, wewe upo tu, yamenimalizia siku nyingi kuliko uvivu. Kaka yangu, ambaye naye alikuwa hana kazi miezi minne ya mwaka ule ule, hakuwahi kuambiwa kwamba yupo tu. Yeye alikuwa "anatafuta."

Kilichonitoa kitandani hakikuwa nasaha. Kilikuwa kompyuta ya maktaba ambayo kila msomaji hupewa saa moja tu kwa siku, na orodha ya majina inafungwa saa mbili na nusu asubuhi. Ukichelewa, siku imekwenda. Nikawa na mahali pa kuwahi. Kwa ile saa moja nilijifunza majedwali ya hesabu ya kompyuta kwa masomo ya bure ya mtandaoni, na kuchapa bila kutazama vidole. Mwezi wa tisa mtu aliyekuwa akikaa kompyuta ya pili aliona ninavyochapa akaniuliza kama naweza kumchapia tasnifu yake. Kurasa 140, zenye majedwali. Alinilipa nusu kabla na nusu baada, akaniletea wenzake wawili. Nikamwambia dada, naye akasema, "Sasa lile jedwali lako lipake buluu." Pesa hiyo haikufika hata robo ya ada. Lakini ilikuwa na tarehe, na hapo ndipo ile kanuni ya mafungu matatu ilipoanza kuwa na maana kwangu, mwezi mmoja na nusu kabla mwaka haujaisha.

Kuhusu kuomba. Watu wanadhani asiye na pesa huzoea kuomba. Mimi sikuzoea. Kila nilipoomba vidogo vidogo, leo bando, kesho nauli, kesho kutwa pedi, nilihisi napungua kimo. Mwezi wa nne nilikaa chini na Mama na dada, nikawaonyesha daftari, nikasema ninahitaji kiasi hiki kwa wiki, si zaidi, mkiweza nipeni Jumapili, msipoweza niambieni Jumamosi. Nami nikataja kazi za nyumbani nitakazofanya na saa zangu ambazo si za kutumwa: saa mbili hadi saa sita asubuhi. Mama alinyamaza sana. Niliogopa nimekosa adabu. Kisha akasema kiasi hicho ni kidogo kuliko alichokuwa akinipa kwa vipande vipande. Hakuwahi kupiga hesabu. Hata mimi kabla ya daftari sikuwahi.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshakopa kwa programu moja ya simu, jina siliandiki. Nilikopa nauli. Riba ilisomeka kama kitu kidogo: asilimia 10 kwa mwezi. Nikajiambia kumi ni nini. Nawaandikia wenzangu hesabu ambayo sikuifanya: deni la 100 linaloongezeka asilimia 10 kila mwezi, ukawa unakopa upya kulipia la zamani, baada ya miezi 12 haliwi 220. Linazidi 313. Mimi niliponea mwezi wa pili, tena kwa aibu, maana programu ilikuwa imenyonya orodha ya majina yangu yote na shangazi akapigiwa simu na mtu asiyemjua akiulizwa kama ananifahamu. Shangazi alilipa. Hajanisimanga hadi leo, jambo ambalo ni zito zaidi.

Na kuna waliotaka pesa ili wanipe kazi. Watatu kwa mwaka mmoja. Wa kwanza aliiita ada ya fomu, wa pili ya mafunzo, wa tatu ya sare. Huyo wa tatu nilimlipa. Theluthi ya pesa yote niliyokuwa nayo iliondoka siku hiyo, na ofisi yao nilipoirudia wiki iliyofuata ilikuwa saluni. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema mawakala binafsi wa ajira wasimtoze mfanyakazi ada wala gharama, moja kwa moja au kwa kuzunguka, isipokuwa kwa aina fulani za wafanyakazi au huduma ambapo mamlaka ya nchi imeruhusu kwa manufaa yao. Si kila nchi imeuridhia, na tapeli hasomi mikataba. Ila mimi ningelijua hilo mapema, ningeuliza swali moja pale mezani nikaondoka na pesa yangu.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu halihusu safu ya fedha. Linahusu kurasa za matangazo madogo, ambazo sisi wa maktabani ndizo tunazozisoma kwanza, hadi karatasi inachanika kwenye kunjo. Tangazo la nyumba mnalichapisha likiwa na kodi yake. Tangazo la gari lina bei. Tangazo la kazi ndilo pekee ambalo halitaji linalipa nini, linafunga lini, wala kama barua inapokelewa kwa barua pepe. Kwa anayeishi kwa safari mbili ndani ya kamusi, mistari hiyo mitatu ni nauli ya wiki nzima. Chapisheni matangazo yanayoitaja, na yanayodai ada kwa mwombaji yakataeni, hata kama yanalipia nafasi.

Mimi naanza chuo mwezi ujao. Ada imetimia kwa kuchapa, kwa shangazi yule yule, na kwa kaka ambaye alipata kazi mwezi wa kumi. Jumatatu iliyopita nilipitia matangazo yenu kwa mazoea nikaona moja, safu ya tatu, linalohitaji vijana 50, uzoefu si lazima, anza mara moja. Nikaipiga ile namba kwa simu ya maktaba. Mwanamke mwenye sauti nzuri alipokea. Niliuliza mshahara ni kiasi gani. Akaniuliza kama ada ya fomu ninayo mkononi sasa hivi, au anihifadhie nafasi hadi jioni.

Wako,
Msomaji wa maktabani